Nilianza na soketi ya ukutani

Kesi ya kompyuta niliivusha kwa pantoni nikiwa nimeipakata. Ilikuwa Jumamosi mchana, Juni 2025, na abiria wa Magogoni unawajua kwa kudadisi. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki wa Feri aliniuliza kama ile ni oveni. Nikamwambia ni kompyuta. Akachungulia kupitia kioo cha ubavuni, akaona mle ndani mna matundu na skrubu tu. "Wamekuuzia ganda, baba," akasema, na watu wakacheka mpaka tulipogusa Kigamboni.

Sikuwa na la kumjibu. Ilikuwa wiki ya tatu tangu nianze kununua vifaa, na vilivyokuwa nyumbani ni viwili tu: UPS, boksi la betri linaloshika kompyuta umeme ukikatika, na pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Prosesa, yaani ubongo wenyewe wa kompyuta, nilikuwa hata sijaichagua. Mpwa wangu, ambaye ndiye bingwa wa gemu katika ukoo, alikuwa ameshatangaza kwa ndugu wote kwamba anko amechanganyikiwa, anajenga nyumba kwa kuanza na mita ya LUKU.

Ndivyo nilivyofanya, na nina sababu.

Mwaka 2019 nilikuwa na kompyuta niliyoungiwa na fundi. Kazi yangu ni kupanga kurasa: vitabu vya dini, kadi za harusi, ratiba za mazishi, jarida la shule likipatikana. Mashine ilikuwa nzuri kwa wakati wake. Pesa karibu zote zilikwenda kwenye prosesa na ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na pawasaplai ilikuwa ile inayokuja imefungwa ndani ya kesi, bei yake imo humo humo. Ilikuwa imeandikwa 500W kwa tarakimu kubwa. Jioni moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi na nguvu isiyo yake. Taa ya sebuleni iliwaka nyeupe kuliko siku zote, nikasikia "paa!" chini ya meza, chumba kikanuka waya ulioungua. Pawasaplai ilikufa na haikufa peke yake. Iliondoka na madabodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, na hadidiski. Kwenye hadidiski ile mlikuwa na diwani ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, kurasa 140 nilizozichapa kutoka kwenye madaftari yake ya mkono. Nakala nyingine sikuwa nayo. Mimi, mtu wa kuwahimiza wateja watunze nakala.

Nilikwenda kumwambia. Nikamwamkia, akaitikia, nikashindwa kuendelea. Aliponisikiliza mpaka mwisho akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mashairi yangu yapo, mwanangu. Kilichoungua ni kalamu yako." Akainuka, akaniletea madaftari yale yale. Hiyo huruma yake ndiyo iliyonikaa zaidi kuliko kama angenifokea.

Ile maiti ya pawasaplai niliifungua baada ya kuiacha siku nyingi bila umeme (usijaribu kama hujui, kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa). Ndani nilikuta bodi yenye nafasi zilizochorwa alama za vifaa, lakini vifaa vyenyewe havipo. Pale palipotakiwa kichujio cha umeme unaoingia pameungwa kipande cha waya. Na kile kibandiko cha ubavuni, ambacho sikuwahi kukisoma zaidi ya ile 500W, kilikuwa kimesema kweli muda wote. Laini ya volti 12 iliandikwa ampea 18. Kumi na mbili mara 18 ni wati 216. Hiyo laini ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za skrini. Nyingine ni za vitu vidogo vidogo. Kwa hiyo nilikuwa na pawasaplai ya wati 200 na kitu iliyovaa kanzu ya 500.

Sasa, miongozo mingi ya kuunda kompyuta, hasa zile video za wenzetu wa Marekani na Ulaya, huanza na prosesa, ikaja kadi ya grafiksi, na pawasaplai hutajwa mwishoni kama kachumbari. Siwalaumu. Kwao soketi ya ukutani ni kitu ambacho mtu hakifikirii. Mimi soketi yangu naifikiria. Kabla ya kununua chochote nilichukua multimita nikapima kwa wiki nzima, asubuhi na jioni, nikaandika kwenye daftari. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Asubuhi nilikuwa napata 228, 231. Saa moja usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na friji na majiko, nilipata 187. Usiku mmoja wa manane nilisoma 249. Ile karatasi ndiyo iliyonichagulia kompyuta.

Pawasaplai niliyoitafuta ilibidi iwe ya kupokea volti 100 hadi 240 yenyewe bila swichi. Zile za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, 115 au 230, na ukikiacha kwenye 115 hapa kwetu unasikia mlio mmoja tu, wa kwanza na wa mwisho. Yenye masafa mapana haijali kama ni 187 au 231. Nikachukua ya wati 550 yenye nembo ya 80 Plus Bronze. Kibandiko chake kinasema ampea 45 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 540. Hapo jina na mwili vinalingana. Ukiishika mkononi ina uzito wa haja, na uzito si kipimo cha kisayansi, ila sijaona nyepesi iliyo nzuri.

Ila nembo isikuhadae. 80 Plus inapima ubadhirifu, haipimi ulinzi. Inasema kwamba katika umeme unaouchukua ukutani, zaidi ya asilimia 80 unafika kwenye vifaa na unaobaki unageuka joto chumbani. Kama itajizima pale volti za ndani zinaporuka, hilo ni suala jingine, na unalipata kwa kusoma karatasi ya vipimo au majaribio ya watu wanaozifungua na kuzipima. Nilitumia jioni nne kwa hilo. Kwa prosesa nilitumia moja.

UPS nilinunua ya 650VA yenye kurekebisha volti. Hapa pia namba kubwa ya mbele si ile unayoitafuta: kwenye boksi ni 650VA, lakini ukiigeuza nyuma ni wati 360. Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka fundi mmoja wa redio aliponieleza. UPS za bei yetu zikiwa kwenye betri hazitoi umeme laini kama wa ukutani, hutoa wa ngazi ngazi, na baadhi ya pawasaplai za kisasa huukataa na kuzima pale pale. Unaweza kununua vitu viwili vizuri visivyopatana. Dawa ni kujaribu mapema, risiti ikiwa bado ya moto: washa, chomoa UPS ukutani, tazama. Zangu zilipatana.

Wati 360 hizo ndizo zikaniambia prosesa gani. Nilitaka mashine itakayobaki hai kwenye betri muda wa kutosha kuhifadhi kazi bila kukimbia, na hilo halipatikani ukiwa na kadi ya grafiksi inayokula kama jiko. Nikaamua grafiksi ikae ndani ya prosesa yenyewe. Kwa bajeti yangu, milioni moja na nusu bila skrini, chaguo likawa AMD Ryzen 5 5600G: ya mwaka 2021, viini sita, wati 65, picha imo humo humo. Si mpya. Inakaa kwenye soketi ya AM4 (tundu la prosesa kwenye madabodi, si ile ya ukutani) iliyopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017, na soketi iliyoishi muda mrefu hivyo ina faida kwetu, maana madabodi na ramu zake zimejaa madukani, mpya na zilizotumika. Soketi mpya ya AM5 inataka ramu za aina mpya, DDR5, tu. Bei yake niliiona nikaipita.

Niliposhuka Msimbazi nikaingia Kariakoo, sikufika mbali. Winga akanipata, yule kijana asiye na duka anayekutembeza kwenye maduka ya watu na kuweka chake juu. Nikamwambia ninachotaka. Akapotea dakika tano, akarudi na boksi. "5600 hii hapa boss wangu, mzigo mpya."

Nikaisoma. "Hii haina G."

"G ni urembo tu, kaka. Mashine ni ile ile."

Si ile ile. Na kusema kweli hakuwa ananiuzia takataka. 5600 isiyo na G ina kumbukumbu ya ndani mara mbili, MB 32 kwa 16, na kwenye gemu inaipita ndugu yake ukiipa kadi ya grafiksi. Lakini yenyewe haina picha kabisa. Ungeifunga, ungechomeka waya wa skrini kwenye madabodi, ungekaa unatazama giza na kumlaumu fundi. Kwa Intel ni kinyume chake, herufi inaondoa badala ya kuongeza: Core i3-12100 ina picha, 12100F haina. Nimeshaitwa kwenye nyumba mbili kutazama "kompyuta mbovu" ambayo ugonjwa wake ulikuwa herufi F. Nikamrudishia winga boksi lake, nikaipata yenye G duka la nne, bila yeye.

Najua kuna msomaji anayesema mbona hukuchukua kompyuta ya ofisi ya mtumba, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazoshushwa kwa makontena, bei nusu ya hiyo. Kwa watu wengi hilo ndilo jibu sahihi, na dada yangu nimemnunulia hiyo hiyo. Zimekuwa nyingi zaidi tangu Windows 10 iachwe bila huduma tarehe 14 Oktoba 2025, maana Windows 11 haizikubali rasmi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, na ofisi za Ulaya zinazitoa. Unaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, mtoto anasoma, maisha yanaendelea. Kilichonizuia mimi ni pawasaplai. Nyingi ya hizo zina umbo na plagi za kwao wenyewe, na ikiungua huwezi kuingia duka lolote ukachukua nyingine. Baada ya 2019, kifaa ambacho siwezi kukibadilisha Jumapili jioni sikitaki ndani.

Ramu ni hadithi fupi. Prosesa yenye picha ndani inaazima ramu ya kompyuta kuchorea, kwa hiyo usinunue moja ya GB 16, nunua mbili za GB 8 uzifunge kwenye matundu yanayoelekezwa na kitabu, ili prosesa ichote kwa mikono miwili. Tofauti inaonekana kwa macho. Halafu ingia kwenye Bayosi, programu ya madabodi inayoamka kabla ya zote, uwashe XMP, mpangilio wa kuipa ramu mwendo wake kamili, la sivyo ramu uliyoilipia mwendo wa 3200 itatembea chini ya hapo, na hakuna atakayekuambia. Nilinunua mwezi Julai na namshukuru Mungu, kwa sababu mwisho wa mwaka bei za ramu zilipaa, viwanda vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili unde.

Kuhifadhi: SSD ya NVMe (diski ya kasi isiyo na kinachozunguka) ya GB 500 ndani, na hadidiski mbili za nje, moja kwangu na nyingine kwa dada Temeke. Hizo mbili za nje ndizo kifaa muhimu kuliko vyote nilivyovitaja. Zikiwa ngeni nilizipima kwanza kwa programu ya f3, inayojaza kifaa mpaka juu kisha inasoma ilichoandika, maana kuna flashi na hadidiski zinazojitangaza TB 2 na ndani yake ni GB 32 zinazojizungusha. Unagundua siku unapokitaka kitu chako.

Kuhusu kesi, yule mama wa samaki angefurahi kujua kwamba nilikuwa nimepekua kesi saba kabla ya kulichagua ganda lile. Za kioo mbele zinapendeza, lakini hewa inaingilia wapi? Chumba changu Februari ni nyuzi 32 na feni ya dari inapuliza hewa ile ile. Nilitaka uso wa wavu, kichujio cha kuchomoa na kuosha, feni mbili mbele zinazoingiza na moja nyuma inayotoa, ili hewa inayoingia izidi na vumbi lisinyonywe kwenye nyufa. Kigamboni vumbi letu lina chumvi. Bisibisi niliyoiacha dirishani mwezi mmoja ilishika kutu, na madabodi nayo ina shaba inayoliwa na chumvi. Kila baada ya wiki sita napuliza kwa bloa, nimezuia feni kwa kidole zisizunguke. Na mashine inakaa juu ya meza. Sakafuni ni kwa mende.

Bado madabodi, na hapo ndipo niliponyooshwa. Nilichukua ya B450, kizazi cha mwaka 2018, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na muuzaji alikuwa muungwana, aliniambia wazi imekaa kwenye shelfu muda mrefu. Nilisikia maneno yake, sikuyaelewa. Nikafunga kila kitu usiku wa Ijumaa, mpwa wangu ameshika tochi ya simu, nikabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Skrini nyeusi. Nikabadilisha ramu matundu, nikachomoa SSD, nikabadilisha waya wa HDMI. Nyeusi. Mpwa akasema polepole, "Anko, labda ungechukua ile isiyo na G."

Prosesa ya 2021 ilikuwa imewekwa kwenye madabodi ambayo Bayosi yake iliandikwa kabla prosesa hiyo haijazaliwa. Haiijui. Fundi mwenye Ryzen ya zamani angekuazima uwashe nayo, ulishe Bayosi mpya, kisha urudishe yako. Bahati yangu madabodi ilikuwa na kitufe nyuma kinachokuruhusu kulisha Bayosi kwa flashi hata kama prosesa haitambuliki. Nikapakua faili kwa simu, nikaiweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, nikabadilisha jina kama kitabu kilivyoelekeza, nikakibonyeza. Kataa kekundu kakaanza kumeta. Kitabu kinasema subiri dakika tano mpaka nane, na kimeandika kwa herufi nzito: usikate umeme. Ukikatika katikati, unaweza kubaki na kipande cha plastiki ghali.

Dakika ya tatu nyumba ikaingia giza.

Nikasikia mke wangu chumba cha pili akisema "aah," na majirani, na jenereta la duka la kona likianza kukohoa. Mezani UPS ilitoa mlio, "tii," ikanyamaza, "tii" tena. Mimi na mpwa wangu tuliinama nyuma ya kesi kama watu wanaopepea moto wa kuni mbichi. Kataa kekundu kakaendelea kumeta. Hakakujua kama Kigamboni nzima iko gizani. Dakika ya sita kakazimika kenyewe, nikabonyeza swichi, na skrini ikaandika jina la prosesa, herufi kwa herufi, mpaka G ya mwisho.

Mpwa hakusema kitu kuhusu mita ya LUKU tena.

Alihamia kwenye ombi jingine. Kuna mtu anauza kadi ya RX 580 iliyotumika, bei ya kutupa. Nikamweleza kwamba kadi nyingi za aina hiyo zilichimba sarafu mtandaoni usiku na mchana mpaka sarafu ya Ethereum ilipoacha mtindo huo Septemba 2022, ndipo zikamwagwa sokoni. Nyingine bado nzima, nyingine feni zinalia. Lakini sikatai kwa sababu hiyo. Kadi hiyo peke yake inakula wati 185. Mashine yangu nikiwa napanga kurasa, pamoja na skrini, haizidi wati 70. Saa nane kwa siku inafika kama uniti 17 kwa mwezi. Kompyuta ya gemu ya wati 300 kwa saa hizo hizo ni uniti 72, na ukomo wa kundi la matumizi madogo ni 75. Walio kwenye kundi hilo hesabu wameshaimaliza kabla yangu. Alinuna siku mbili, kisha akagundua kwamba mpira unachezeka bila kadi ukishusha ubora wa picha, na majani ya uwanja yakikosa unyoya mmoja mmoja hakuna anayefungwa goli kwa hilo.

Diwani ya mzee sasa iko ukurasa wa 112, chapa ya pili, na tenzi tatu zimeongezwa ambazo mwaka 2019 alikuwa hajazitunga. Juzi Jumatano umeme ulikatika saa mbili usiku. Nilikuwa jikoni. Nikasikia ile "tii" ya UPS, nikangoja nisikie kiti kikisogezwa, mtu akihifadhi, akizima. Kimya. Kisha sauti kutoka gizani:

"Anko, betri inabakiza dakika ngapi?"

"Ukicheza, kama kumi."

"Basi zinatosha. Ni kipindi cha pili."